Perege wa Hombolo Aliyedaiwa Kufika Baharini: Tathmini ya Huduma ya Kupima Vijiwe vya Masikio ya Samaki

Kwa karibu miezi minane nimekuwa mteja wa maabara moja ya nje ya nchi inayouza huduma ya kupima kemia ya vijiwe vya masikio ya samaki, ambavyo wataalamu huviita otoliti, kwa lengo la kufuatilia safari za samaki kati ya maji baridi na maji yenye chumvi. Sitaitaja maabara hiyo kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza ilirekebishwa, na kwa kuwa naamini ingeweza kutokea katika maabara nyingine yoyote isiyoyafahamu maji ya nchi yetu. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wanaofundisha na kutafiti masuala ya uvuvi hapa Dodoma na mikoa jirani, wanafunzi wa uzamili wanaopanga bajeti za utafiti, na maofisa uvuvi wa halmashauri ambao wamewahi kuniuliza kama gharama hiyo ina faida. Jibu langu ni kwamba ina faida kubwa, ila kwa sharti moja ambalo nitalieleza kwa kirefu, maana ndilo tulilochelewa kulijua.

Kwanza niseme ni kitu gani hasa kinachouzwa. Samaki wenye mifupa wana jozi tatu za vijiwe ndani ya fuvu, jirani na ubongo, vinavyowawezesha kusikia na kudumisha mizani ya mwili. Kwa perege, kijiwe kikubwa kuliko vingine ni kile kiitwacho sagita. Kwa kambale, kikubwa ni lapilasi, na mtu asiyelijua hilo anaweza kupekua kichwa kizima cha kambale akiamini kwamba amekwisha kukipoteza kile anachokitafuta. Kijiwe hukua kwa kuongezewa matabaka membamba ya chokaa kuanzia kiini kwenda nje. Tangu mwaka 1899 Johannes Reibisch alikuwa amekwisha kuzitumia pete za vijiwe hivyo kukadiria umri wa samaki kwa miaka, na mwaka 1971 Giorgio Pannella akaonyesha kwamba ndani ya pete hizo mna matabaka madogo zaidi yanayowekwa kila siku. Mfupa wa kawaida hubomolewa na kujengwa upya na mwili kadiri mahitaji yanavyobadilika, lakini tabaka la kijiwe likishawekwa huachwa lilivyo hadi samaki anapokufa, na hapo ndipo penye thamani yote ya kazi hii.

Sasa, katika maji mna madini ya strontiamu, ambayo kwa tabia yanafanana na kalsiamu kiasi kwamba yanapopenya matamvua na kuingia katika damu, sehemu yake hufika kwenye uteute unaokizunguka kijiwe na kukaa mahali ambapo kalsiamu ingekaa. Maji ya bahari yana takriban miligramu 8 za strontiamu kwa lita, ilhali mito mingi ina kiasi kidogo sana ukilinganisha na hicho. Bariamu, madini mengine yaliyomo majini, nayo huenda kinyume, kwa kuwa hupatikana zaidi katika maji ya mto na hupungua kadiri mtu anavyokaribia bahari. Hivyo, anayekikata kijiwe katikati na kupima uwiano wa madini hayo na kalsiamu kutoka kiini hadi ukingoni, husoma maisha yote ya samaki huyo tangu alipoanguliwa hadi siku aliyovuliwa. Kwa njia ya namna hii, wakitumia isotopu za strontiamu, yaani atomu za strontiamu zinazotofautiana kwa uzito, watafiti wa Amazon walithibitisha kwamba kambale mkubwa wa kule, akiwa amekulia sehemu za chini za mto huo, hurudi kuzaa katika mikondo ileile ya chini ya milima ya Andes alikozaliwa. Sisi tulikuwa na swali dogo zaidi. Tulitaka kujua kama perege wanaovuliwa sehemu za chini za mto Wami, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, hukaa hapo mlangoni mwa mto maisha yao yote, au hupanda na kushuka kati ya mto na maji yenye chumvi kiasi yaliyo kwenye mikoko.

Huenda msomaji akauliza mtu wa Dodoma anatafuta nini Saadani. Maji ya mvua inayonyesha hapa kwetu, yale yanayobahatika kusafiri, huingia katika mkondo wa Kinyasungwe, ambao hushuka hadi Kilosa na kuungana na mikondo mingine ya bonde la Wami, na hatimaye humwagika katika Bahari ya Hindi hapo Saadani. Kwenye mfumo huohuo wa Kinyasungwe ndiko liliko bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, na kwa kuwa bwawa hilo liko karibu nasi na lina perege na kambale kwa wingi, tuliona busara kuchukua samaki wake wawe kielelezo cha samaki ambaye hajawahi kuyaona maji ya bahari. Uamuzi huo mdogo, tulioufanya ili kupunguza nauli, ndio uliokuja kuifichua kasoro ya huduma yenyewe.

Mwongozo ambao maabara iliutuma kabla ya kazi ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuupata kutoka kwa mtoa huduma yeyote wa kisayansi. Ulieleza kwamba vibano viwe vya plastiki na si vya chuma, ili kijiwe kisichafuliwe na madini mengine. Kwamba samaki wasihifadhiwe kwa formalini, kwa sababu tindikali yake huila chokaa. Kwamba kila kijiwe kisuguliwe polepole kwa brashi laini ndani ya maji yaliyosafishwa hadi utando wote utoke, kikaushwe, kisha kiwekwe peke yake katika kichupa cha plastiki chenye namba. Kilichokosekana ni maelezo ya namna ya kukitoa, na hapo tulisaidiwa na soko la Majengo. Tulikuwa tukinunua vichwa vya perege kwa ajili ya mazoezi, tukivipasua kwa juu nyuma ya macho, na kila vichwa vitatu tulikuwa tukivunja vijiwe vya kimoja. Mama mmoja muuza samaki, baada ya kututazama kwa muda, aliuchukua ule mkono wangu wenye kisu na kuushusha. "Mwalimu, hapo juu mfupa ni mgumu, utakivunja hicho unachokitafuta," alisema. "Fungua shavu, ondoa haya mekundu, halafu bonyeza hapa chini ya fuvu, hapa ni laini." Alikuwa sahihi kabisa. Sakafu ya fuvu ilipasuka kwa kubonyezwa kidogo, na vijiwe viwili vikaonekana vimelala upande kwa upande, vyeupe kama maziwa, kila kimoja kikikaribia urefu wa punje ya mchele lakini kikiwa kipana zaidi, ukingo wake una meno madogo na upande mmoja una mfereji mwembamba uliochongeka kama kwa ncha ya sindano. Tangu siku hiyo hatukuvunja tena zaidi ya vitatu katika kazi nzima, na ningependa mwongozo wa maabara uongezewe maneno ya mama yule kama yalivyo.

Tulituma vijiwe 40, vingi vikiwa vya Wami na vichache vya Hombolo. Kwa kila kijiwe tulilipa karibu shilingi 95,000, bei iliyojumuisha kukizika katika gundi ngumu ya epoksi, kukikata kwa msumeno wa almasi uendao polepole, kukisugua hadi kiini kionekane, na kukipima. Gharama ya usafirishaji na vibali ilikuwa juu yetu, na kwa anayeanza ninamshauri ashughulikie vibali vya kutoa sampuli nchini kabla hata ya kununua samaki wa kwanza, kwa sababu huchukua muda mrefu kuliko uvuvi wenyewe. Matokeo yaliahidiwa baada ya wiki nne na yalikuja baada ya wiki saba. Ucheleweshaji huo uliniudhi wakati ule, lakini sikuwahi kukosa majibu ya barua pepe zangu kwa zaidi ya siku mbili.

Kwa upande wa upimaji wenyewe sina ila sifa. Kipimo hufanywa kwa leza inayochoma mstari mwembamba juu ya kijiwe kilichosuguliwa. Mvuke wa chokaa inayochomwa hupelekwa katika mwale wa plazima, yaani gesi yenye joto kali, na kutoka hapo atomu huhesabiwa moja moja kwa uzito wake. Upana wa doa la leza yetu ulikuwa mikromita 30, yaani chini ya nusu ya upana wa unywele wa kawaida. Kila baada ya vijiwe kadhaa walipima kipande cha kioo cha rejea kinachojulikana kama NIST 612, ambacho viwango vya madini yake vinafahamika, na vipimo vyote vya kioo hicho waliviambatanisha katika faili letu ili tujionee wenyewe kama mashine iliyumba au haikuyumba. Si kila mtoa huduma hufanya hivyo bila kuombwa. Pamoja na namba, tulipewa picha ya kila kijiwe ikionyesha mstari wa leza ulipoanzia na ulipoishia, jambo lililotuwezesha kuuweka uwiano wa strontiamu juu ya pete za ukuaji na kujua kilele fulani kilitokea samaki akiwa na umri gani.

Jambo moja dogo lilinifanya niwaamini mafundi wao. Kijiwe kimoja cha Wami kilikuwa na sehemu iliyong'aa kama kioo, tofauti na weupe mzito wa vingine, na sisi tulidhani ni kijiwe kizuri kuliko vyote. Fundi aliandika pembeni mwa picha kwamba sehemu hiyo si aragonaiti, ambayo ndiyo umbo la kawaida la chokaa katika sagita, bali ni vateraiti, umbo jingine la chokaa ileile ambalo hupokea strontiamu kidogo sana. Asingelisema hilo, sisi tungeona strontiamu imeshuka ghafla na tungetangaza kwa furaha kwamba samaki huyo alipanda mto na kukaa katika maji baridi. Ni uaminifu wa namna hiyo ambao mteja aliye mbali hawezi kuulazimisha. Hukuta upo au haupo.

Kasoro ilikuwa katika kurasa za tafsiri. Kifurushi tulichonunua kilijumuisha ripoti fupi inayoeleza kila samaki alipitia maji ya aina gani, na ripoti hiyo iliwagawa samaki wetu katika makundi matatu kwa kutumia viwango vya uwiano wa strontiamu na kalsiamu ambavyo, kama nilivyokuja kubaini baadaye, vilitokana na kazi walizozifanya katika mito ya nchi za baridi. Kwa samaki wa Wami tafsiri ilielekea kuwa ya busara. Tulipofika kwenye kurasa za Hombolo, tulikuta kwamba perege wote isipokuwa mmoja wameandikwa kuwa "wahamaji", kwa maelezo kwamba uwiano wa strontiamu katika vijiwe vyao ulipanda na kushuka kwa mzunguko, na kwamba vilele hivyo vililingana na kukaa kwa vipindi katika maji yenye chumvi kiasi karibu na mlango wa mto. Mwandishi wa ripoti aliongeza kwamba ramani inathibitisha kuwapo kwa njia ya maji kati ya Hombolo na pwani.

Nilizisoma kurasa hizo mara tatu. Ramani haikusema uongo, maana mstari wa buluu kweli unaanzia kwetu na kuishia Saadani. Lakini kutoka Hombolo hadi pwani ni takriban kilomita 300 kwa mstari ulionyooka, na mto wenyewe una mizunguko inayoongeza umbali huo kwa kiasi kikubwa. Kinyasungwe kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu ambao watu huuchimba ili kupata maji ya kunywesha mifugo, na juu yake pana ukuta wa bwawa ambao perege, akishavuka kwenda chini wakati wa mafuriko, hana namna ya kuupanda tena. Nilipokwenda kumweleza mzee mmoja mvuvi wa Hombolo, ambaye ndiye aliyetuuzia samaki hao, alinisikiliza kwa makini hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa mwalimu, huyo samaki alipita wapi, na aliporudi alipita wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na niliona kwamba swali lake lilikuwa zito kuliko ripoti nzima.

Hata hivyo, vilele vilikuwapo. Namba zilikuwa sahihi. Kioo cha rejea hakikuyumba. Vilele vilionekana katika kijiwe baada ya kijiwe, vikirudi mara moja kwa kila pete ya mwaka. Kitu fulani kilikuwa kinaongeza strontiamu katika maji ya Hombolo kila mwaka, na nilipaswa kukijua bila kwenda mbali, kwa sababu ninaishi nacho jikoni. Mkazi yeyote wa Dodoma aliyewahi kukwangua ukoko mweupe ndani ya birika anayajua maji yetu. Ukoko ule ni chokaa. Maji yenye madini mengi yanapochemshwa, au yanapokaa juani na kupungua kwa mvuke, kalsiamu ndiyo hutangulia kujitenga na kuganda, na katika kuganda huko huchukua sehemu ndogo tu ya strontiamu. Iliyobaki hubaki majini. Kwa hiyo kadiri maji yanavyopungua na chokaa inavyojitenga, ndivyo uwiano wa strontiamu na kalsiamu katika maji yanayobaki unavyopanda, bila tone moja la maji ya bahari kuhusika. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa wastani isiyofika milimita 600 kwa mwaka, na baada yake hufuata miezi saba ya jua na upepo ambayo bwawa hupungua huku wanaoishi kandokando yake wakilalamika kwamba maji yamekuwa ya chumvichumvi. Perege wa Hombolo hakuwa amesafiri kwenda kwenye chumvi. Alikaa palepale, na chumvi ikamfuata kila kiangazi.

Maabara inayofanya kazi katika mito ya theluji haina sababu ya kuliwaza jambo hili, na ndiyo maana nasisitiza kwamba anayelijua ni mteja. Nchi ya kati imejaa maji ya namna hiyo: mbuga ya Bahi, ambako mto Bubu huishia bila kufika baharini, mabwawa yetu ya mifugo, maziwa ya Singida na Kitangiri, ambako, kama ilivyo katika Manyara na Eyasi, huishi perege aitwaye kisayansi Oreochromis amphimelas, aliyezoea chumvi na magadi kwa vizazi visivyohesabika bila kuwahi kuisikia bahari. Kijiwe cha samaki wa aina hiyo kikisomwa kwa kanuni ya pwani, kitamtangaza kuwa mhamaji wa kila mwaka.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba ushahidi wa kuipinga tafsiri ile ulikuwa ndani ya ripoti yenyewe. Safu ya bariamu ilikuwapo. Samaki anaposhuka kwenda baharini, strontiamu yake hupanda na bariamu yake, baada ya kuongezeka kidogo pale ambapo maji ya mto yanakutana na chumvi ya kwanza, hushuka. Kwa baadhi ya samaki wa Wami ndivyo ilivyoonekana, strontiamu ikipanda na bariamu ikishuka, na hao ndio ninaoamini kweli walikwenda na kurudi kati ya mto na mikoko. Kwa samaki wa Hombolo bariamu ilibaki juu hata katika kilele cha strontiamu. Kulipima jambo na kulilipisha, kisha kutolitazama wakati wa kuandika hitimisho, ni uzembe, na niliwaandikia hivyo kwa lugha ya heshima lakini bila kuzungukazunguka.

Jibu lao lilikuwa la kiungwana. Walikiri kwamba viwango vyao havikutokana na maji ya kitropiki wala ya nchi kame, wakaahidi kuziandika upya kurasa zote za tafsiri bila malipo, na wakapendekeza kipimo cha ziada ambacho tulilazimika kukilipia, karibu mara mbili ya bei ya kwanza kwa kila kijiwe: uwiano wa isotopu mbili za strontiamu, ile yenye uzito wa 87 kwa ile yenye uzito wa 86. Uwiano huo katika bahari zote za dunia ni mmoja, takriban 0.7092, kwa sababu maji ya bahari huchanganyika kwa muda mrefu sana kabla strontiamu yake haijatua chini. Katika mito na mabwawa uwiano hutegemea miamba ambayo maji yamepita juu yake. Miamba michanga ya volkano huyapa maji uwiano mdogo; graniti ya kale huyapa uwiano mkubwa, kwa kuwa madini ya rubidiamu yaliyomo ndani yake yamekuwa yakigeuka kuwa strontiamu ya uzito wa 87 kwa muda usiohesabika. Na Dodoma, kama anavyojua kila aliyewahi kuitazama ramani ya jiolojia au hata kuyaangalia tu majabali yaliyozunguka mji huu, imekaa juu ya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. La muhimu kuliko yote, mvuke na kuganda kwa chokaa haviubadilishi uwiano huu. Bwawa linaweza kupungua hadi nusu, chokaa ikaganda kandokando, na isotopu zikabaki kama zilivyokuwa.

Tulituma tena vijiwe sita vya Hombolo na vinane vya Wami, na safari hii, kwa kuwa tulikuwa tumejifunza, tulituma na maji. Tuliyachota mwisho wa kiangazi na tena baada ya mvua, Hombolo na katika vituo vitatu vya Wami hadi mlangoni, tukayachuja kwa karatasi yenye matundu ya mikromita 0.45, tukayatia matone ya tindikali ya naitriki ili madini yasigande kwenye kuta za chupa, na kuyaweka kwenye ubaridi hadi siku ya kusafirishwa. Matokeo yalimaliza ubishi. Mstari wa isotopu katika vijiwe vya Hombolo ulikuwa umenyooka kutoka kiini hadi ukingo, juu ya kiwango cha bahari bila kukigusa mahali popote, hata palepale ambapo strontiamu ilikuwa katika kilele, na ulikaa sawasawa na maji ya bwawa tuliyoyachota. Nilikwenda kumwonyesha mzee wa Hombolo ule mchoro. Aliufuata mstari kwa kidole chake hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akasema kwamba karatasi hii sasa inazungumza.

Kipimo cha isotopu nacho kina mpaka wake, na maabara ilipaswa kuusema kwa sauti kubwa zaidi katika tangazo la bei. Kwa kuwa bahari ina strontiamu nyingi kuliko mto, maji ya bahari yakichanganyika na ya mto hata kwa kiasi kidogo, uwiano wa bahari hutawala mchanganyiko huo haraka. Kwa hiyo isotopu humwambia mtu kwa uhakika kama samaki aligusa maji ya bahari au hakuyagusa, lakini haziwezi kumtofautisha vizuri samaki aliyekaa katika maji yenye chumvi ya kadiri na yule aliyekaa katika chumvi kamili. Kwa swali hilo la pili inambidi mtu arudi kwenye strontiamu na bariamu. Vilevile rubidiamu ya uzito wa 87 hujichanganya katika hesabu na strontiamu ya uzito huohuo, na masahihisho lazima yafanyike. Wao waliyafanya na kuyaonyesha, nami ninawapongeza.

Ipo pia habari ya muda, ambayo wanafunzi wangu walichelewa kuielewa. Samaki anapokua mkubwa, matabaka yake huwa membamba na kubanana, hivyo doa la leza lenye mikromita 30, ambalo kwenye kiini hufunika siku chache tu, ukingoni linaweza kufunika majuma kadhaa ya maisha yake. Tena kijiwe hakibadiliki siku ileile maji yanapobadilika. Mwili huchukua siku kadhaa au zaidi kufikia kiwango kipya. Perege anayeingia kwenye mikoko na maji yanapojaa, kisha akatoka yanapokupwa, hataonekana kabisa. Anayetaka kujua safari za kila siku asinunue huduma hii.

Kwa jumla ya fedha tulizolipa, pamoja na kipimo cha ziada, ninaona bei ni ya haki kwa upimaji na ni ya juu kwa tafsiri. Mwenzangu anayetaka kununua kifurushi cha namba na picha pekee, bila kurasa za maelezo, aombe hivyo, kwa sababu kipo ingawa hakitangazwi, na fedha atakazookoa azipeleke kwenye chupa za maji na nauli ya kuyafuata katika misimu yote miwili. Kwa samaki wa nchi ya kati asitume hata kijiwe kimoja bila maji ya mahali samaki alipovuliwa, na kama fedha zinatosha kwa kipimo kimoja tu, basi achague isotopu. Kwa wenzetu wa pwani, ambao swali lao ni la mto na bahari tu, strontiamu na bariamu zinawatosha.

Shehena yetu inayofuata ni ya samaki aina ya mkunga, wanaovuliwa mmoja mmoja katika Wami na ambao wavuvi huwatupa au huwala bila kuwataja. Mwaka 1998 Katsumi Tsukamoto na wenzake walionyesha kwa strontiamu ya vijiwe kwamba baadhi ya mikunga tuliodhani wote hukulia mtoni hawajawahi kabisa kuingia katika maji baridi, na ningependa sana kujua kama wa kwetu wana tabia hiyo. Tumeshapata vijiwe kumi na mmoja, vidogo kuliko vya perege na vigumu kuvisugua bila kukipita kiini. Vimepangwa katika sanduku moja na chupa tisa za maji, kila moja ikiwa na tarehe na jina la kituo, na juu yake nimeweka barua inayoomba kwamba safari hii ukurasa wa tafsiri usianze kuandikwa kabla maji hayajapimwa.